Aliyefua Nguo za Uzazi

Bibi Mashavu wa Mtangani alikuwa na kitendawili chake mwenyewe. Alikitunga mwaka ule Subira alipokwenda kusomea uuguzi, na tangu hapo mtu akipanda naye boti moja hana budi kutegwa.

"Kitendawili!"

"Tega, bibi, tushazoea."

"Mke mwenzangu anavaa nyeupe kila siku. Hajati si yeye, na maiti si yeye."

Kisiwa kizima kilijua jibu, hata watoto wanaojifunza kuhesabu. Lakini walijifanya wameshindwa, maana bibi alipenda kupewa mji. Walimpa Mafia, walimpa Kilwa, siku nyingine walimpa Makka yenyewe. Naye akishapokea mji wake hunyoosha shingo na kusema, "Nesi! Mjukuu wangu Subira!" Kumwita mke mwenza ulikuwa utani wao wa tangu Subira hajaota meno. Mama yake alifariki angali ananyonya, na bibi ndiye aliyemlea kwa uji na hadithi.

Basi wiki ile Subira alipiga simu. Bibi aliipokea amesimama juu ya kisiki cha mkandaa nyuma ya nyumba, mahali pekee simu inaposhika.

"Bibi, njoo Alhamisi. Metroni wetu anataka mtu wa nyumbani. Asimame mbele yake, aseme huyu ni wetu na tumeridhia. Asipokuja mtu, nafasi yangu ya kulipiwa mwaka wa mwisho anapewa mwingine."

"Nitakuja, mke mwenzangu. Hata kwa kuogelea."

"Na bibi... njoo peke yako. Mengine nitakueleza ukifika."

Hilo la peke yako bibi alilisikia vizuri sana. Lakini nani anayekwenda kupewa heshima peke yake, kama mwizi? Tena ilitokea kwamba Mwanaamina, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na safari hiyohiyo. Mkwewe Siwema alikuwa amekimbizwa hospitali kwa boti, uchungu umekwama, akajifungua salama hukohuko. Na Mwanaamina ndiye aliyewahi kusema, mbele ya wanawake wote kisimani, "Mtoto wa kusuka ukili unampeleka akasomee damu za watu. Atakuletea nini, Mashavu?" Bibi Mashavu hakulisahau neno lile. Alitaka Mwanaamina aone kwa macho yake.

Wakavuka pamoja hadi Nyamisati, wakapata gari mpaka Bungu, na kutoka Bungu mpaka hospitali ile ya karibu na Kibiti. Njia nzima bibi alikuwa akimweleza mwenzake jinsi manesi wanavyotembea.

"Hawaburuzi miguu kama sisi. Utamwona mwenyewe."

"Nitamwona," alisema Mwanaamina. "Nimekuja na macho yangu yote mawili."

Walifika saa ya kuona wagonjwa. Korido la wodi ya wazazi lilijaa vikapu, chupa za chai na akina baba wasiojua pa kuweka mikono. Bibi Mashavu alitangulia, kanga yake mpya bado ina mikunjo ya dukani, kikapu cha kamba wakavu kwapani. Kila aliyevaa nyeupe alimsimamisha.

"Nesi Subira yuko wapi, mwanangu? Nesi Subira wa Mtangani?"

"Subira mwanafunzi?" alijibu mmoja. "Yuko zamu ya usafi, bibi. Atapita sasa hivi."

Bibi hakulitilia maanani neno usafi. Alidhani mjukuu wake ndiye anayewaamrisha wasafishaji. Akamgusa Mwanaamina kwa kiwiko. "Umesikia? Atapita sasa hivi."

Naye akapita.

Iliyotangulia ilikuwa harufu ya jiki. Kisha akatokea msichana aliyevaa gauni la rangi ya majivu na gambuti zinazompwaya, dekio begani kama kasia. Mkono mmoja ameshika ndoo, mkono mwingine amekumbatia furushi la mashuka na makanga yaliyolowa damu ya uzazi. Jasho lilimtoka puani, palepale lilipokuwa likimtoka utotoni akikimbia juani.

Sasa huko Mtangani nguo za uzazi hazishikwi na mtu baki. Huzifua mama mzazi au mama mkwe, mapema, kabla watu hawajatoka. Asipokuwapo ndugu, huzikwa. Mwanamke anayefua za asiye wake, tena kwa ujira, watu wa kale walikuwa na jina lake. Walimwita kijakazi. Na neno hilo pwani halijafa, limelala tu.

Liliamka pale pale kifuani mwa Bibi Mashavu.

"Mashavu," Mwanaamina alinong'ona, na mnong'ono wake ulifika mpaka kitanda cha mwisho. "Yule si mke mwenzio? Mbona nyeupe yake imekuwa ya majivu?"

Subira alimwona bibi yake, uso wote ukachanua. Akaiweka ndoo chini. "Shikamoo, bibi!" Kisha akamwona Mwanaamina nyuma yake, na ule uso ukasita katikati, kama mtu aliyekanyaga tope bila kujua.

Nyuma ya Subira alikuwa anakuja mama mmoja wa makamo, Mhaya, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Ndiye Metroni Theopista, mkuu wa manesi.

"Huyu ndiye mlezi wako, Subira?" aliuliza kwa furaha. "Karibu, bibi, shikamoo. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Korido zima liligeuka. Bibi Mashavu aliona macho ya Mwanaamina, aliona lile furushi, aliona tone la maji mekundu likimdondoka mjukuu wake juu ya gambuti. Akasikia sauti ikisema, na sauti ilikuwa yake:

"Mimi? Mimi nimekuja kumtazama Siwema, mkwe wa jirani yangu. Huyu simjui."

Metroni alimtazama Subira.

Subira aliinama, akaiinua ndoo. "Si yeye, metroni," alisema. "Bibi yangu bado hajafika. Huyu nimemfananisha. Samahani, bibi." Akapita kando yake, taratibu, asije akamgusa kanga mpya na zile nguo.

Mwanaamina alikohoa kidogo. "Basi macho yangu yamezeeka," alisema. "Nami nilidhani ni yeye kabisa." Akaingia wodini kwa mkwewe, hakusema zaidi. Angesema, angemtukana hata, bibi angepata cha kujibu.

Bibi Mashavu alibaki koridoni na kikapu chake. Watu walimzunguka kama wanavyozunguka mzigo ulioachwa njiani. Alijiambia kwamba yule mtoto ndiye mwenye makosa, kwa nini hakusema? Alijiambia kwamba atakwenda kwa metroni sasa hivi, faragha, ayamalize. Yote hayo alijiambia, lakini mashavu yake yaliwaka kama mtu aliyepigwa kofi la kulia na la kushoto.

Aliuliza ofisi, akaonyeshwa, akabisha hodi, na alipoingia akaufunga mlango nyuma yake.

"Mwanangu, ni mie. Bibi yake Subira ni mie. Pale nje palikuwa na watu."

"Nilisikia ulichosema, bibi," alijibu Metroni Theopista. Hakuwa mkali. Alimvutia kiti. "Unajua kwa nini namwita mtu wa nyumbani?"

"Kwa heshima."

"Si kwa heshima. Mwanafunzi aliyekwama ada hapa tunampa kazi ya usafi na ya kufua. Asubuhi anasoma, mchana anafanya kazi, na hospitali inamlipia chuo. Kabla ya Subira walikuwapo wasichana wawili, wazuri, wameshika masomo. Ndugu zao wakaja kuwatembelea, wakaona dekio. Wakawachukua siku hiyohiyo. Wakasema hatukumzaa awe mtumishi wa watu. Nafasi zikapotea bure. Tangu hapo nasema, kabla sijamlipia mtu mwaka wa mwisho, mtu wake aione kwanza kazi anayoifanya, halafu aniambie kama ameridhia." Akamtazama usoni. "Wewe umeiona, bibi. Na umejibu."

"Nimejibu kwa haya, mwanangu."

"Haya hiyo ndiyo ninayoiogopa. Ndiyo iliyowaondoa wale."

"Basi niandike sasa. Nimeridhia. Tuko wawili tu, mlango nimeufunga."

Metroni alitikisa kichwa. "Ukiridhia mlango umefungwa, siku jirani yako atakapokucheka huko kwenu utakuja kumchukua. Samahani, bibi yangu. Nikitoka kula mchana, namwita msichana anayefuata. Naye anangoja, naye ana shida zake."

Bibi alitoka. Alitafuta neno la kumlaumu yule mama wa bara, hakulipata.

Alizunguka nyuma ya majengo, akifuata sauti ya maji. Subira alikuwa kwenye karo la kufulia chini ya bati, peke yake, glovu mpaka viwikoni. Mashuka ameyaloweka upande mmoja kwa maji baridi ili damu iachie, upande wa pili makanga.

"Kaa kivulini, bibi," alisema bila kugeuka. "Jua kali."

Alisema kwa adabu, adabu ile anayopewa mgeni. Hakusema mke mwenzangu. Bibi angependa kutukanwa kuliko adabu ile.

"Bwanaheri alisema ada analipa," bibi alianza. Bwanaheri ni mjomba wake Subira, mkataji wa nguzo za mikoko, ndiye aliyebeba masomo yake tangu mwanzo. "Kila nikimwuliza, anasema mambo safi."

"Mjomba alioa mke wa pili kule Mbwara. Ada ikaenda mahari." Subira alikamua shuka, akalitundika. "Alinisihi nisikwambie. Akasema ataipata. Hakuipata. Nikaomba kazi hapa."

"Mwaka mzima, Subira! Tunaongea kila wiki, unaniambia umekula nini, umelala vipi. Hili hukuniambia?"

"Ulikuwa na kitendawili chako, bibi." Sasa aligeuka, macho mekundu, na haikuwa jiki. "Kila boti, kila harusi. Watu wakikupa miji yao, unacheka mpaka nakusikia kwenye simu. Ningekwambia, ungetega nini?"

Bibi Mashavu aliketi kwenye ukingo wa karo, kanga mpya ikalowa, hakujali. Ilimjia kwamba kitendawili kile hakuwahi kukitega kwa ajili ya Subira. Alikitega kwa ajili ya miji. Na mtoto alikuwa amevaa majivu mwaka mzima ili yeye aendelee kupewa Kilwa.

"Rudi kwa wenzio, bibi. Watakuona huku."

"Wakiniona huku, kwani nini?"

"Watakuona na mimi."

Bibi aliinama, akatia mikono karoni ili uso wake usionekane. Aliinua kanga iliyokuwa juu, kanga ya njano yenye korosho nyekundu, na mikono yake ikaitambua kabla ya macho. Walinunua sare, yeye na Mwanaamina, na ya tatu ya bibi harusi, kwa ajili ya harusi ya Sadala, mtoto wa Mwanaamina. Harusi ya Sadala na Siwema.

"Hii ni ya Siwema?"

"Ndiyo."

"Hospitali inafua makanga ya watu?"

"Inafua mashuka tu. Kanga kila mtu anafuliwa na ndugu yake. Siwema hakuwa na mtu tangu alipoletwa. Nilipodeki nikazikuta amezificha chini ya kitanda, zimeshaanza kunuka, na mwenyewe analia kwa aibu. Nikamwambia nipe, usiogope. Mie ni wa kwenu."

Mie ni wa kwenu. Maneno madogo hayo, mtoto aliyatoa kwa mkwe wa jirani bila kuulizwa mara mbili, huku yeye, mtu mzima mwenye mvi, ameitwa kuyasema tu na amekataa. Bibi Mashavu aliifua ile kanga. Aliisugua pindo kwa pindo, akaisuuza, akaikamua, machozi yakimwingia mdomoni, na kila alipotaka kusema nisamehe, neno lilionekana dogo mno kwa mzigo uliokuwapo.

Mwishowe akasimama. "Nipe ndoo."

"Ya nini?"

"Nipe ndoo, mke mwenzangu, na wewe chukua dekio. Tunapita mbele."

"Bibi, watu bado wamejaa. Utaonekana."

"Najua."

Kujua na kutembea ni vitu viwili. Mlangoni mwa wodi miguu ilimgoma. Moyo ulimwambia aiweke ndoo pale, aingie kwanza, aseme polepole, aombe watu wasogee. Subira alikuwa amesimama hatua moja nyuma yake, hamsukumi, hamwiti. Ni ule ukimya wake uliomsukuma bibi.

Mwanaamina alikuwa ameketi kitandani kwa Siwema, kichanga mapajani. Alipomwona Mashavu na ndoo, mdomo ulimbaki wazi.

"Kanga ya Siwema," bibi alisema, akaiinua, maji yakidondoka sakafuni. "Haijakauka. Nimeona... nimeona niilete." Hakuyataka maneno hayo. Akaiweka ndoo chini. "Pale nje nilisema simjui huyu. Nilisema uongo. Ni Subira wangu, mtoto wa marehemu binti yangu. Anadeki hapa ili asome. Anafua damu za watu. Nimemwona, na nimeridhia."

Alisema hayo akitazama sakafu, na sauti ilikuwa ndogo kama ya mtu anayeomba maji. Kutoka kona ya mbali, bibi mwingine aliyekuwa akimuuguza binti yake aliinua mkono sikioni.

"Sema kwa nguvu, shoga! Huku hatusikii! Nani kasema uongo?"

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Bibi Mashavu alitamani kujifunika kanga usoni mpaka akhera. Ilibidi aseme tena, sasa kwa sauti, neno kwa neno, tangu lile la uongo, maana bila hilo mengine yasingeeleweka. Safari hii aliinua uso. Jasho lilimtiririka shingoni.

Mwanaamina hakucheka. Aliikodolea macho ile kanga ya korosho, kisha akamtazama mkwewe, naye Siwema akainamisha kichwa. "Hiyo ilikuwa kazi yangu mimi," Mwanaamina alisema, karibu asisikike. Akampa Siwema mtoto, akanyanyuka, akaipokea kanga kwa mikono miwili. "Leo, Mashavu, mimi na wewe hakuna wa kumcheka mwenzie."

Metroni Theopista alikuwa amesimama mlangoni, funguo mkononi, anakwenda kula. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti.

"Njoo ofisini, bibi," alisema. "Na safari hii mlango tuuache wazi."

*

Alasiri Subira aliwasindikiza wazee wake mpaka barabarani kusubiri gari la Bungu. Alikuwa amebadilisha nguo. Jioni ana darasa, na sare yake ya uanafunzi ilikuwa nyeupe kweli, imepigwa pasi. Bibi aliiona, akayakwepesha macho. Mwanaamina, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alijitenga mwenyewe bila kuambiwa, akaenda kutazama bei ya mihogo.

"Umepata nafasi," bibi alisema.

"Nimepata. Ahsante, bibi."

"Usinishukuru. Nina haya nawe."

Subira hakukataa. Hakusema yamekwisha, wala hakusema si kitu. Alikitengeneza tu kikapu begani mwa bibi, kisicho na wale kamba wakavu sasa, maana wote walibaki jikoni kwa manesi.

"Kitendawili," alisema ghafla.

Bibi alishtuka. "Tega."

"Aliyenilea, aliyenikana na aliyenirudia, wote wamevaa kanga moja."

Jibu lilikuwa wazi kama mchana. Lakini ulimi wa Bibi Mashavu, uliotega visiwa vizima, ulilala mdomoni kama kipande cha mbao.

"Sikipati, mke mwenzangu. Nakupa mji."

"Mji gani?"

"Chukua Kibiti."

"Kibiti nakaa. Nipe Mtangani."

Bibi alielewa anachoombwa. Mtangani ni kisima, ni msikiti, ni wanawake wa ukili na midomo yao, ni Bwanaheri, ni kila mtu aliyewahi kumpa mji akacheka naye.

"Chukua," alisema. "Chukua Mtangani na watu wake."

Gari likaja. Subira alimpandisha, akampungia, asiseme jibu la kitendawili, ingawa desturi ni kulisema mji ukishatolewa.

Walilala kwa jamaa Nyamisati, na asubuhi boti ilikuwa na watu wa nyumbani tupu. Haikuwa imefika hata kwenye kina, Badru nahodha akapiga kelele kutoka kwenye mashine, "Bibi Mashavu, mbona leo kimya? Tutege basi! Yule wa nyeupe hajambo?"

Watu wakatabasamu, wakajiandaa kushindwa. Mwanaamina alitazama maji.

"Hajambo," alisema bibi. Uso ulikuwa unamwaka tena, palepale, kofi la kulia na la kushoto. "Anafua, Badru. Anafua nguo za uzazi hospitali, anadeki, na jioni anasoma. Bwanaheri hakulipa. Nami jana nilimkuta na ndoo, nikasema simjui."

Mashine iliendelea kunguruma. Tabasamu zilikuwa bado zimebaki kwenye nyuso, hazijui ziende wapi.

"Sikusikia vizuri, bibi," alisema Badru.

Bibi Mashavu akashika ukingo wa boti, akaanza upya.